Baba Alivyojibu Barua ya Chuo

Watu wakiniuliza ilikuwaje nisisomee uuguzi, huwa nawajibu kwamba jogoo ndiye aliyeniponza. Wanacheka, nami nawaacha wacheke, maana nikianza kueleza yote nitakasirika, na nikikasirika presha inapanda. Lakini leo nimekaa peke yangu, mvua imefunga kila mtu kwao, hakuna wa kunikatiza. Basi nieleze.

Nilimaliza kidato cha nne kwa masista nikarudi kijijini kwetu, juu ya Milanzi, kwenye uwanda ule wa Wafipa ambao upepo wa mwezi wa sita ukianza kuvuma hakuna mti wa kuuzuia. Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Tulikuwa tumehamishwa kutoka kwenye viambo vyetu tukapangwa kwa mistari kama madawati, nyumba hii inatazama mgongo wa nyumba ile, na mama hakuacha kulalamika kwamba sasa hata akipika mlenda kijiji kizima kinajua. Wavulana waliosoma hadi kidato cha nne walikuwepo wachache. Msichana nilikuwa mimi tu.

Nilitaka uuguzi. Sikutaka ualimu, sikutaka ukarani, na wala sikutaka kuolewa na yule mpiga kinanda wa parokiani aliyekuwa ananizungukazunguka. Dada yangu mkubwa alifia njiani akipelekwa mjini kujifungua. Walimbeba kwa machela, wanaume wakipokezana, na walipofika kwenye maji ya kuvuka akawa ameshakwisha, yeye na mtoto wake. Nilikuwa nyuma ya ile machela nimeshika kanga zake. Kwa hiyo nilipojaza maombi ya chuo cha uuguzi, huko upande wa Mbeya, sikuwa najaribu bahati. Nilikuwa nataka, nyie.

Jibu lilikuja kwa sanduku la posta la shule ya msingi, kama barua zote za kijiji. Nikalisomea palepale nje ya ofisi ya mwalimu. Walisema wamepokea maombi yangu, nafasi za mwaka huu zimejaa, na kwamba maombi yangu yameahirishwa hadi awamu inayofuata. Ikiwa bado nina nia, niujulishe uongozi wa chuo kwa maandishi, nikiambatanisha uthibitisho wa kata. Basi. Hakuna pole, hakuna nini. Nililia kwanza, nikapenga kamasi, nikaisoma tena. Hawajakataa, nikajiambia. Wamesema nisubiri. Aliyekwambia usubiri si sawa na aliyekufukuza.

Jioni niliwasomea wazazi wangu, nikiwatafsiria kwa Kifipa maana Kiswahili cha barua za serikali kilikuwa kigumu kwao. Baba alikuwa anapukuchua mahindi. Alisimamisha mikono.

"Rudia hapo mwisho," akasema.

"Wanasema kama bado tunapenda, tuwaambie."

Baba akamtazama mama, mama akamtazama baba, wote wawili wakaanza kutabasamu. Mimi sikuelewa wanachekea nini wakati mwenzao nimevimba macho. Mama ndiye aliyeniambia. Wakati baba anamposa, babu yangu mzaa mama alimjibu hivyohivyo: hatujakataa, lakini ngoja kwanza, kama bado unapenda tutaona. Na kwetu mtu akijibiwa hivyo harudi na maneno. Maneno ameshayasema mara ya kwanza, akiyarudia anaonekana anawabana wenye binti. Anachofanya ni kupeleka jembe. Jembe jipya, na kitu cha chakula cha kusindikiza, na jogoo. Anaviweka mlangoni, anapiga makofi ya heshima amechuchumaa, anaondoka. Maana yake: nipo, sijachoka, mkiniita kulima nitakuja kulima. Baba alipeleka jembe, akaitwa, akamlimia babu matuta ya msimu mzima, yale matuta yetu ya kufukia majani, na mwisho wa msimu akapewa mama.

"Alilima vibaya," mama akasema. "Baba yangu alimwonea huruma tu."

"Nililima vibaya ukaja mbio," baba akamjibu.

Tulicheka wote watatu. Nakumbuka vizuri kwamba tulicheka, na hiyo ndiyo inayoniuma kuliko mengine.

Mimi nikaandika barua yangu. Niliiandika kwa siku kadhaa, nikichana na kuanza upya, nikitafuta maneno ambayo hayaombi mno wala hayajivuni. Niliwashukuru kwa kunifikiria. Nikasema nia yangu ni ileile, kwamba wakati nasubiri nasaidia zahanati ya misheni kuchemsha vifaa na kufua bandeji, jambo ambalo lilikuwa kweli, na kwamba nafasi ikipatikana hata ya ghafla nitakuja kwa miguu yangu. Sikumtaja dada yangu. Niliona aibu kumtumia marehemu kuombea nafasi.

Kisha nikaipeleka kwa katibu kata. Alikuwa kijana bado, amevaa suti yake ya Kaunda iliyopauka mabegani, na kwa kweli hakuwa mtu mbaya. Aliniuliza kama baba anahudhuria shamba la kijiji. Nikasema anahudhuria, na mimi nahudhuria, hata mama na mgongo wake anahudhuria. Akasoma barua yangu kwa sauti, akasema imekaa vizuri, akaandika chini yake kwamba mwombaji anatoka katika familia ya wakulima yenye mwenendo mzuri, akagonga muhuri. Niliondoka pale nakaribia kuruka. Nikashuka mjini kwa miguu, nikaitia posta kwa mkono wangu mwenyewe.

Kumbe baba naye alikuwa na jibu lake.

Alishuka mjini siku nyingine bila kuniambia, akaenda kwa mfanyabiashara mmoja Mwislamu ambaye familia yake ilikuwa na duka na lori la kubebea mahindi kwenda Mbeya. Walifahamiana zamani, baba alimuuzia ulezi tangu enzi za mkoloni. Akamkabidhi jembe jipya lililotiwa mpini, gunia la ulezi uliochambuliwa, kikapu cha maharage, na jogoo mwekundu amefungwa miguu. Akamwomba dereva avifikishe chuoni, avikabidhi kwa mkubwa wa pale, na aseme jina langu lote. Na aseme pia kwamba baba wa binti anasalimia, na kama wanahitaji kulimiwa, atakuja.

Yule mwenye duka, Mungu amrehemu, alisita. Baba mwenyewe alitusimulia jioni ile aliporudi, amefurahi, miguu imejaa vumbi.

"Akaniambia, mzee wangu, ofisi za siku hizi zina mambo. Nikamwambia, mambo gani? Wameuliza kama tunapenda. Si vizuri mtu akuulize ukae kimya."

"Baba," nikamwambia, "kule ni serikalini. Mimi nimeshawaandikia."

"Wewe umejibu, na mimi nimejibu. Mtoto haendi kuolewa kwa maneno yake peke yake."

"Siolewi, baba, naenda kusoma!"

"Si unaondoka nyumbani kwangu unaenda kukaa kwa watu? Basi."

Nikacheka. Mimi niliyesoma kwa masista, niliyejua kipeuo cha pili na mifupa yote ya mkono, sikuona ubaya. Niliona tu kwamba watashangaa, labda watatabasamu, labda mpishi wao atafurahi. Nilimwona baba mtu wa kizamani na nikampenda kwa hilo.

Lori lilirudi. Dereva akapita kwanza kwa tajiri wake, kisha akaja mwenyewe hadi kijijini kuongea na baba, na hiyo peke yake ingetosha kutuambia kwamba kuna jambo. Alikuwa amebeba gunia, kikapu na jembe. Alichuchumaa uani, akasema, "Shikamoo mzee," na baada ya kuitikiwa akalisogeza jembe mbele ya baba. Ndipo akaeleza. Mkubwa wa chuo alitoka ofisini, akaona vile vitu vimepangwa barazani, akauliza vya nani. Dereva akasema kama alivyoagizwa, jina langu lote. Yule bwana akapandisha hasira. Akaita wenzake waje waone. Akasema watu hawa wa mikoani wanadhani chuo cha umma ni duka, wanadhani nafasi ya mtoto wa mnyonge mwingine inanunuliwa kwa ulezi. Akaandika barua palepale.

"Nilijaribu kumwambia ni mila," dereva akasema. "Akanitishia polisi."

Jogoo peke yake ndiye ambaye hakurudi. Dereva aliapa kwamba alimwacha pale barazani. Kwa hiyo kuna mtu katika watu wale waliochukia rushwa aliyekula jogoo wa baba yangu, na mimi nikiwa mzee hivi nafikiria bado alikuwa nani. Natumaini mfupa ulimkaba.

Wangekuwa wameniandikia mimi peke yangu, ningelia nikanyamaza. Lakini walimwandikia katibu kata, kwa sababu muhuri wake ulikuwa kwenye barua yangu, na walimuuliza yeye kama kiongozi amehusika vipi kumdhamini mtu wa namna hiyo. Kijana wa watu akaogopa. Ulikuwa wakati ambao kiongozi akitajwa karibu na neno rushwa hata kwa bahati mbaya, kazi inakwenda na Chama kinakwenda. Sasa kujiosha kwake ilikuwa lazima kuonekane.

Akaitisha mkutano wa kijiji. Tulikaa kwenye nyasi mbele ya ghala, wanaume huku, wanawake huku, upepo unapeperusha kanga. Akaisoma barua yote kwa sauti ile ya mikutano. Aliposoma kwamba mwombaji ameondolewa kabisa katika orodha kwa jaribio la kutoa hongo, sikusikia tena kilichofuata. Mama alinishika goti. Nikamwona dada yangu kwenye machela, nasema kweli, nilimwona.

Katibu kata akamwambia baba asimame ajieleze.

Baba akasimama. Alivua kofia. Aliongea Kiswahili chake cha sokoni, taratibu, kwa sababu mbele ya serikali aliona Kifipa si heshima.

"Waliuliza kama bado tunapenda," akasema. "Mimi nimejibu. Tunapenda."

Halafu mtu mmoja upande wa wanaume akaangua kicheko, na kicheko kikaambukiza. Hawakuwa wabaya, walikuwa jirani zetu. Nusu yao waliposa kwa jembe. Walijua kabisa baba amefanya nini na kwa nini, na nadhani ndiyo sababu walicheka, maana walijiona wenyewe wamesimama pale. Lakini hakuna aliyenyanyuka kusema hivyo. Hakuna hata mmoja! Wazee wazima, wakwe wa watu, wote wakatazama nyasi. Katibu kata akatangaza kwamba ulezi na maharage vinakwenda kwenye ghala la kijiji, na jembe litatumika shamba la ujamaa. Bendera ya Chama ilikuwa inapepea juu ya kichwa chake, nayo ina jembe. Nilitaka kupiga kelele. Mama akanibana goti, nikanyamaza.

Mimi sikukata tamaa upesi. Niliandika tena chuoni, barua ndefu, nikieleza jembe kwetu lina maana gani, nikieleza kwamba baba hajui kusoma, kwamba hakuna aliyetaka kumnunua mtu. Nikasema nia yangu bado ni ileile. Hawakujibu. Baada ya mavuno nikaandika tena, na safari hiyo nikamtaja dada yangu, aibu nikaiweka kando. Nikapata mistari miwili: suala langu lilikwisha kufungwa, nisiendelee kuusumbua uongozi. Katibu kata naye hakuthubutu kunigongea muhuri wa chuo kingine chochote. Kila nilipokwenda alikuwa ametoka, hata pale nilipoiona baiskeli yake nyuma ya nyumba. Misheni nayo ikapata mtu aliyesomea, wakanishukuru kwa bandeji. Ndivyo ilivyokwisha. Mwishowe nikapata kazi ya kupima sukari na kuuza mafuta ya taa kwenye duka la ushirika mjini, na nilipima kwa miaka mingi. Hakuna aliyefia mikononi mwangu wala hakuna niliyemwokoa.

Nilidhani mimi ndiye niliyeumia. Nilikuwa na miaka ishirini, mtu wa umri huo anajiona yeye tu. Sikumtazama baba.

Kijijini wakampa jina. Walimwita Mzee Rushwa. Ulikuwa utani, na kwetu utani haukasirikiwi. Sasa, baba alikuwa mtu ambaye hajui kwenda kwa mwenzake mikono mitupu. Hata akienda kuazima shoka alibeba viazi. Akifika na kibuyu cha pombe ya ulezi kwa jirani, jirani anapokea kwa mikono miwili, anasema, "Karibu Mzee Rushwa, leo unataka nini kwangu?" Wote wanacheka. Baba anacheka pia. Akipeleka mkungu kwenye msiba, "Jamani, Mzee Rushwa anamhonga marehemu." Wanacheka. Mama aliniambia kwamba mwanzoni baba alikuwa akirudi na kumsimulia ule utani, anauona mtamu. Halafu akaacha kusimulia. Halafu akaanza kumwachia mama apeleke yeye. Mimi nilikuwa mjini, nakuja sikukuu na sikukuu, nikaona tu kwamba amekuwa mkimya, nikasema ni uzee.

Niliolewa na fundi seremala wa Kizwite, mtu mpole, tukapanga vyumba viwili. Mimba ilipokuja niliogopa kuliko ninavyoweza kueleza, na sababu mnaijua. Lakini nilikuwa mjini, hospitali ipo karibu, na nesi mmoja mdogo kuliko mimi alinishika mkono usiku kucha akiniita dada. Nilimtazama vidole vyake nikiwa katikati ya uchungu nikawaza, hii ndiyo kazi yangu, huyu amekaa kwenye kiti changu. Kisha nikaona haya kwa kuwaza hivyo. Mtoto akatoka salama, wa kike.

Habari ilipofika nyumbani, baba alikuja. Mama alikuwa mgonjwa wa mgongo, asingeweza safari. Baba alitembea peke yake tangu kijijini, na nilimsikia mlangoni akibisha hodi kwa ile sauti ya chini aliyokuwa nayo siku hizo. Mama mkwe wangu akamkaribisha, akampokea kwa makofi kama inavyopaswa, kisha macho yake yakashuka kwenye mikono ya baba, yakabaki pale.

Kwetu babu haendi kumwona mjukuu wa kwanza bila unga wa ulezi wa kumkorogea mzazi uji, na kuku. Hata maskini wa mwisho anaazima kuku. Baba yangu alikuwa amesimama katikati ya chumba na koti lake la Jumapili, hana hata kifurushi.

Mama mkwe akatoka nje kutuachia nafasi, na mimi, na hasira zangu hizi nilizozaliwa nazo, nikaanza.

"Baba, ndiyo nini hivi? Hata unga wa uji? Umeniaibisha mbele ya mkwe wangu."

Alikuwa anamtazama mtoto kwa mbali.

"Unga upo," akasema. "Mama yako aliutwanga, akaufunga vizuri. Na kuku alimkamata. Nilivibeba hadi njia panda."

"Sasa viko wapi?"

"Nilivirudisha."

"Kwa nini, baba?"

Akasema kwa Kifipa, polepole, kama mtu anayeeleza jambo ambalo kila mtu analijua, "Wewe nilikuharibia kwa kitu cha mkononi mwangu. Huyu ndiyo kwanza amekuja. Niliogopa."

Nikamwambia, baba, hukuniharibia, ni wao. Nikamwambia njoo umpakate. Nikamnyanyua mtoto akiwa ndani ya kanga nikamnyooshea, na machozi yalikuwa yananitoka mpaka kidevuni. Akasogea hatua moja akainama, akamwangalia sana usoni, akasema amefanana na marehemu dada yangu, Mungu amkuze. Lakini hakunyoosha mikono. Alikuwa ameishika nyuma ya mgongo, mkono mmoja umeushika mwingine. Alikaa hivyo kidogo, akauliza kama nalala vizuri, kisha akaaga kabla uji haujaiva.